Tumgandukie Babu Adriano

Makebuko, 9 Februari 2025

Shangazi yangu Theodosia,

Shikamoo. Ukiuliza habari za huku, tupo, ila si kwa uzima wa kujisifia. Mama Anisia anakusalimu sana, na anasema mchele wa Kahama uliomletea wakati wa Krismasi umekwisha, masikio yake yako barabarani kusubiri mwingine. Maharage ya bondeni yametoka vizuri, ya juu mvua imeyalaza. Mbuzi wetu alizaa pacha, mmoja akafa, mwingine anarukaruka mpaka juu ya kitanda cha Baba, na Baba anamfurahia kuliko anavyotufurahia sisi. Nisalimie Baba Rachid na cherehani yake.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ninayo. Ni amri ya kaka yako. Anasema simu ikikatika maneno yamekwenda, lakini barua atasomewa leo, kesho na keshokutwa. Basi nimegeuka karani.

Tumbo lake limejaa maji tena, Shangazi. Hospitali waliyatoa, yakarudi, wakayatoa, yakarudi. Mara ya mwisho daktari aliniita pembeni akaniambia nimrudishe nyumbani apate kukaa na watu wake. Baba hakuuliza daktari alisema nini. Alipofika nyumbani aliuliza jambo moja tu: "Baba yangu tutamgandukia lini?"

Wewe unayajua haya kuliko mimi, lakini amesema niyaandike yote asije mtu akasema hakuelewa. Babu Adriano aliwaacha Ulyankulu, kwenye makazi yetu ya wakimbizi Tanzania, akaenda Karagwe kutafuta kibarua cha kahawa. Vita vya Tanzania na Uganda vikaanza. Akaja mtu akasema amemwona Babu kwenye mgambo, ana bunduki, wanavuka kwenda Uganda. Basi. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye hakuonekana. Bibi alikataa kuitwa mjane mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo hakuna aliyemkalia Babu matanga, hakuna aliyeweka jembe chini akaacha kulima kwa ajili yake, na hakuna siku watu walikuja wakanywa pombe wakatangaza kwamba msiba umeondoka, mrithi ni fulani, sasa mganduke, yaani muache matanga, mkaishi.

Baba alipowaita wazee wa kilima kuwaomba siku, walimjibu: "Mtu ambaye hakuna aliyemwona amekufa, hagandukiwi. Tuleteeni aliyemwona." Mmoja wao, bila haya, akaongeza kwamba hata Baba mwenyewe akifa hawatamgandukia kabla ya baba yake, ati msiba wa mtoto hauwezi kuondolewa wa mzazi ungali umekaa. Mgonjwa anaambiwa hivyo akiwa kitandani kwake! Nilitaka kumtoa na kigoda chake.

Wewe uko Muyinga, Kobero si mbali nawe, na ng'ambo ya mpaka ni Kabanga. Wazee waliopigana vita vile bado wapo huko. Waulize. Baba anataka kujua baba yake alikufa wapi na nani alimwona, ili aondoke akiwa amemlilia. Hana kingine anachotaka. Fanya haraka, Shangazi.

Mtoto wako,
Jeska


Muyinga, 16 Machi 2025

Jeska, binti wa kaka yangu,

Marahaba, ijapokuwa shikamoo yako imefika imechoka. Imekaa ndani ya koti la Rachid, na Rachid mwanangu amekaa na lori lake kwenye foleni ya mazuti, leo Gitega, kesho Ngozi. Nchi hii sasa hata barua inangoja mafuta. Bon, imefika.

Sisi huku mfungo umetukausha. Zuberi iko anashona kanzu za Idi bila kupumzika, maana watu wote wa Muyinga wamekumbuka siku moja kwamba hawana nguo. Mi sukari imepanda, mguu umevimba, lakini nafunga. Kaka yangu najua atasema nini, aache. Tangu niolewe na Mwislamu hajachoka kuniuliza kama naota nyama ya nguruwe.

Unasema niende Kabanga. Niende nimwulize nani? Wazee wa vita vile wamekwisha. Na mguu huu? Na jua hili na koo kavu? Tungoje kwanza Idi ipite.

Nikwambie kweli, mwanangu, mi naogopa. Nilikuwa kasichana Baba alipoondoka. Ninachokumbuka ni kuku. Nilikuwa naogopa kuku mpaka nalia, watoto wote wa Ulyankulu wananicheka, na Baba alikuwa anatoka nje, anawafukuza wote, ananiwekea kigoda na kuniambia kwa Kirundi, "Keti, hawapo tena." Huyo ndiye baba niliye naye, sina mwingine. Nikienda kuuliza wataniletea mwingine, mwenye bunduki, mwenye damu, labda mwenye... Bon, hilo tuliache.

Mpe kaka yangu pole. Mwambie nitaona.

Shangazi yako


Makebuko, 6 Aprili 2025

Shangazi, shikamoo.

Idi imepita. Nakutakia heri zake, na nakukumbusha kwamba mguu uliokwenda uwanjani kuswali unaweza pia kufika Kobero. Usinikasirikie. Nimeandika hivyo kwa sababu nikiacha utani nitaanza kulia juu ya karatasi.

Baba ameisikia barua yako mpaka mimi naijua kwa moyo. Kwenye kuku alicheka hadi tukamshika mgongo, kisha akageukia ukuta. Baadaye akasema, "Theodosia ana kuku wake. Mimi nina mrija." Akanituma nipande darini nilete kifurushi cha majani ya ndizi ambacho tangu tulipotoka Tanzania nilidhani ni dawa. Ndani kuna mrija wa Babu, ule wa tete wa kunywea pombe, ambao kila mzee ana wake na haazimi mtu. Bibi aliutunza, Baba akaupokea kwake, akasafiri nao siku tuliyorudi Burundi huku godoro tumeliacha. Sasa ameniambia niuoshe kwa maji ya moto, nimeuosha. Anasema siku ya kuganduka, aliyemwona Babu akifa ndiye atakayekalia kiti cha marehemu na kunywa wa kwanza, kwa mrija huo.

Hali ugali tena, anakunywa uji na si wote. Nikiwa shambani naogopa kuinua kichwa nisije nikaona mtu anakimbia kuniita.

Sijui la kufanya, Shangazi. Siwezi kumtoa maji tumboni na siwezi kumtafutia baba. Ninachoweza ni kusoma barua. Basi nipe barua ya kumsomea.

Jeska


Muyinga, 18 Mei 2025

Kaka yangu Emmanuel, na wote wanaosikia,

Amani iwe nyumbani kwenu. Sisi wazima, Zuberi anakusalimu, anasema kanzu uliyokataa miaka yote bado anakuwekea kitambaa chake.

Nimekwenda Kabanga. Pale Kobero niliwauliza wabadilisha pesa, wale wanajua watu wa pande zote mbili, wakanielekeza kwa Mzee Thomas Bahati, Msukuma wa Kahama aliyehamia Kabanga baada ya vita. Alikuwa mgambo kundi moja na Baba. Anasema Baba alikuwa mtu wa utani, hodari wa kubeba mizigo, na kila walipopumzika alitaja majina yetu, Emmanuel na Theodosia. Risasi ilimpata kwenye njia ya Masaka, asubuhi ya mvua. Hakuteseka. Mzee Thomas alikuwepo, alimfumba macho, wakamzika chini ya mti kando ya njia, wakasali Baba Yetu.

Kaka, baba yetu alikufa, na aliyemwona yupo. Sasa mlilie. Mi nimeshalia.

Dada yako,
Theodosia

(Karatasi ndogo, imekunjwa ndani ya ile kubwa)

Jeska, hii usimsomee. Soma peke yako, halafu iweke motoni.

Mzee Thomas ndiye babu yako. Adriano hakufa. Iko hai, ana fimbo, ana mke, ana watoto na wajukuu pale Kabanga, na wote wanamjua kwa jina la Thomas Bahati.

Sikumtambua kwa sura. Alinieleza kifo cha Adriano vizuri sana, kama mtu aliyekieleza mara nyingi. Kisha akaniuliza mi ni nani kwake. Nikasema binti. Hapo kuku wa mke wake wakaingia uani, nami nikapandisha miguu juu ya kigoda, unanijua mi na kuku hadi leo. Mzee akainuka na fimbo yake, akawafukuza wote mpaka wa mwisho, akarudi, akaniambia kwa Kirundi, "Keti, hawapo tena."

Yemwe, Jeska! Nilishika mdomo wangu kwa mikono miwili.

Akanipeleka nyuma ya nyumba akanieleza kwa sauti ndogo. Huko Karagwe alikuwa analala kibanda kimoja na Thomas wa kweli, kijana wa Kahama. Thomas akafa kwa homa, wakamzika, kiongozi wa kijiji hakuwa na habari bado. Kesho yake wakaja kuita majina ya mgambo. Mkimbizi hachukuliwi, na mkimbizi aliyetoka kwenye makazi bila ruhusa anafungwa. Wakaita, "Thomas Bahati!" Akaitikia, "Nipo." Anasema alidhani ni neno la siku moja. Akapigana vita vyote kwa jina hilo, akarudi nalo, wakampa nalo shamba. Ulyankulu aliwaza kuja, akasema mwaka ujao, na mwaka uliofuata akasema mwaka ujao. Kabanga aliichagua kwa sababu asubuhi anaiona milima ya kwetu.

Nilimwambia, njoo sasa, Emmanuel anakufa. Akanionyesha wajukuu uani. Akasema, "Siku nikisema mimi ni Mrundi Adriano, hawa wote ni Warundi, shamba si letu, na watavushwa mpaka na nguo walizovaa." Aliwaona majirani wake wakivushwa mwaka ule wa msako wa wageni wasio na vibali. Akasema, "Mwambie mwanangu aganduke. Adriano alikufa siku nilipoitikia."

Sasa mi nifanye nini? Nikimtaja, nawatupa watoto barabarani. Nisipomtaja, kaka yangu analilia mti wa Masaka ambao haupo. Nimeandika ile barua kubwa kwa mkono huu huu. Nisamehe au usinisamehe, lakini isome kwa sauti nzuri.


Makebuko, 8 Juni 2025

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imefika kwa mkono wa Rachid na mchele pia, Mama ameimba. Kiangazi kimeingia, tumevuna mtama, vumbi limetanda. Baba anakushukuru. Alilia siku nzima, kilio kikubwa cha mtoto, majirani wakaja wakidhani amekata roho. Tumekaa matanga ya Babu, jembe tumeweka chini sote, na Baba akawa anapokea pole akiwa amelala, uso umetulia kuliko nilivyowahi kuuona.

Wazee wa kilima wamekubali. Lakini wameuliza, na Baba ameuliza kwa nguvu zaidi yao: huyo Mzee Thomas anakuja lini? Bila yeye hakuna neno. Baba anasema hata ikibidi Rachid ambebe kwenye lori kama mzigo wa mihogo, aje aseme mbele ya watu, aketi kiti cha marehemu, anywe kwa mrija. Umeuona mtego tuliojitegea, Shangazi?

(Karatasi ndogo)

Nimeichoma yako. Hii nayo uichome.

Nina hasira, na sijui nimpelekee nani. Bibi alikuwa anatuambia wajukuu tuache njia wazi mlangoni, tusikalie kizingiti, asije Babu akakuta tumemzibia. Kumbe mwenzake alikuwa anaangalia milima! Milima haikuwa inamngoja. Bibi ndiye aliyekuwa anamngoja.

Kila jioni Baba ananiambia nisome tena pale alipozikwa. Nasoma. Njia ya Masaka, asubuhi ya mvua, chini ya mti. Ameniuliza mti gani. Nikasema hukuandika. Akasema nikuulize.

Mwambie asije. Au mwambie aje. Sijui, kweli sijui.

Jeska


Muyinga, 13 Julai 2025

Jeska mwanangu,

Huku tuko, vumbi tu na foleni. Zuberi amepata kushona sare za shule, kwa hiyo tunakula. Mwambie kaka yangu mti ni mwembe, au hapana, mwambie mvule, mvule unakaa muda mrefu.

Nimekwenda tena Kabanga. Mara ya kwanza nilimwambia anangojwa na kiti na mrija, akakataa, akaingia ndani akafunga mlango. Mke wake akaniomba radhi, ati mzee akikumbushwa vita anakuwa hivyo. Yule mama hana habari yoyote, alinifungia mihogo na karanga. Nilirudi tena. Safari hiyo alikuwa ameketi nje, amevaa koti lake la mgambo na jua lote lile, akaniuliza, "Mrija upi?" Nikamweleza. Akasema, "Ule wenye alama ya kuungua karibu na mdomo?" Nikasema mi sijui, sijauona. Akasema, "Nitakuja."

Rachid atamleta Jumamosi ya tarehe 9 Agosti. Wanawe amewaambia anakwenda kumzika kwa maneno mwenzake wa vita, na hilo si uongo mkubwa. Atasema yeye Msukuma, Kirundi hakijui, Kihangaza cha huko Kabanga, ambacho ni ndugu wa Kirundi, anajua cha sokoni tu. Maneno ya watu mtafsirie wewe kwa Kiswahili. Usimwite Babu. Usimlilie. Usimpe maji kwa magoti kama mjukuu.

Mi sitakuja. Najua watasema ni aibu, binti gani anakosa kuganduka kwa baba yake. Sema mguu. Jeska, nikikaa uwanja mmoja na hao wawili, nitapiga kelele na kila kitu kitamwagika.

Theodosia


Makebuko, 17 Agosti 2025

Shangazi, shikamoo.

Mguu wako unaendeleaje? Watu wote wameuliza mguu wako. Tumemaliza salama, vyombo vya watu tumerudisha, pombe ilitosha na ikabaki. Mama ana mafua ya vumbi. Nakueleza yote, kama ulivyotaka na kama usivyotaka.

Baba tulimtoa nje na mkeka wake, tukamwegemeza ukutani. Rachid akafika na mzee. Alishuka polepole, koti, kofia mkononi, akasimama akaangalia kilima chetu. Hakuuliza njia ya kuingia uani, Shangazi. Njia ya zamani, ile ya kabla Babu hajakimbilia Tanzania, inazunguka nyuma ya migomba, wageni wote hupita ya mbele. Yeye alipita nyuma. Nilikimbia nikamshika mkono nikamwambia kwa sauti, "Karibu, Mzee, umepotea, ni huku." Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Akapewa kiti cha marehemu. Akasema ushuhuda wake kwa Kiswahili, njia ya Masaka, asubuhi ya mvua. Mzee mmoja akamwuliza mti gani, akasema, "Mvule." Nikapumua.

Kisha Baba akaomba kusema. Alisema Kirundi, taratibu, akipumzika kila neno. Alisema, "Baba yangu alipoondoka alinikabidhi mama na dada yangu. Nilikuwa mtoto na niliwabeba. Mama nimemzika, dada nimemwoza. Leo namrudishia kazi yake, nimeimaliza, na nimechoka." Nami nilikuwa nimesimama katikati yao nikingoja anyamaze nitafsiri. Nikageuka kwa mzee nianze. Alikuwa ameshalia. Machozi yalikuwa yamefika kwenye kola ya koti, Shangazi, na mimi sijafungua mdomo.

Wale wazee wa kilima, wale wale wenye maneno, walitazama chini kila mmoja miguu yake. Nadhani walijua. Walimwangalia pua, wakamwangalia Baba pua. Nikatafsiri hivyo hivyo, maneno yote, kwa mtu aliyekuwa ameshayasikia.

Baba akasema, "Mpeni mrija." Mzee aliupokea, akaugeuza, kidole gumba kikaenda moja kwa moja kwenye ile alama ya kuungua. Akanywa. Mrithi akatajwa, Emmanuel mwana wa Adriano, watu wakapiga makofi. Tumeganduka.

Jua lilipoinama Rachid akasema mpaka unafungwa, waondoke. Mzee akaja kumuaga Baba, akainama. Baba akamshika mkono na hakuuachia. Nikasogea kutafsiri. Baba akaniambia, "Jeska, haya usiyatafsiri." Akamwangalia akamwambia kwa Kirundi, "Mama alikungoja mpaka siku ya mwisho. Hakukukasirikia. Mimi nilikukasirikia, sasa nimeacha. Nenda, watoto wasikungoje." Mzee alisimama hapo na midomo inacheza. Akaweka kofia kichwani, akaivua, akaondoka.

Nilidhani Baba atanitukana kwa ile barua niliyomsomea miezi yote. Hakunitukana. Tangu hapo hajaomba nisome pale alipozikwa. Jana ameniuliza tu kama Kabanga mvua huwahi kama huku.

Njoo umwone, Shangazi. Njoo na mguu huo huo.

Jeska


Muyinga, 12 Oktoba 2025

Jeska mwanangu,

Nimefika salama kutoka mazikoni, Rachid aliniweka mbele ya lori na mito miwili. Zuberi amelia, ile kitambaa ya kanzu ameikunja akaiweka chini ya sanduku. Nisalimie Anisia, mwambie asikae peke yake ndani, atoke akae na watu. Nawe kula. Nilikuangalia kule kwenu, ulikuwa unagawia watu chakula na mwenyewe huli. Nashukuru Mungu nilimkuta kaka yangu akiwa bado anasema. Aliniuliza kama pale Kabanga kuna kuku, nikasema wako wengi mno, akacheka na macho tu, sauti haikuwepo. Yoo, kaka yangu.

Wazee wamesema watamgandukia bila shida sasa, ndicho alichotaka, na amekipata. Mi najiambia hivyo kila asubuhi.

Ulinituma nipeleke habari ng'ambo, nimepeleka. Mvua imeanza, Kabanga wote wako mashambani, mahindi yanapandwa, barabara tupu. Nilimkuta yeye na wanawe wakubwa wawili wanalima, na mke wake anaweka mbegu. Nikashindwa pa kuanzia. Nikasalimia wote, nikakaribishwa, nikasema, "Mzee Thomas, nimekuja kukuarifu, yule mwana wa mwenzako Adriano, yule mgonjwa, amefariki." Wanawe wakasema pole sana, mama. Mke wake akasema pole sana, mama. Naye akasema, "Pole sana, mama." Mbele yao wote ilibidi anipe pole mi, nami niipokee, nikasema asante.

Kisha akaweka jembe chini. Hakulitupa, alililaza kwenye tuta, akaenda kuketi kwenye kizingiti cha nyumba.

Alhamisi nimepita tena kumwona. Bado ameketi. Kijana wake mkubwa alinisindikiza njiani ana hasira, ananiambia, "Shangazi," naye ananiita shangazi kwa heshima tu, hajui, "mvua inapita, mbegu zinaoza kwenye gunia, na mzee hagusi jembe. Hasemi anaumwa wapi. Tumemwita mvivu mbele ya watu na hakujibu. Hebu niambie wewe uliyekaa naye, baba yangu ana nini?"

Nikamwambia ni uzee.

Theodosia